Mwanangu ana nambari tasa ya tarakimu kumi. Kuna benki itakayoinunua?

"Mwanangu yuko kidato cha tatu hapa Mombasa na hisabati ndiyo pumzi yake. Likizo hii ameshikilia nambari 2,147,483,647. Ameigawa kwa kila nambari hadi 100 na haikugawika, basi anasema ni tasa, tena ndiyo kubwa kuliko zote kwa sababu kompyuta haihesabu kupita hapo. Anasema pia ana siri: ukichukua 2 ukaipandisha kwa kipeo ambacho ni tasa, kisha ukatoa 1, hupati ila tasa. Sasa kuna mtu wamejuana mtandaoni, amemwambia benki za ng'ambo hununua nambari tasa za kufungia siri za akaunti, ila atume kwanza shilingi 5,000 za kuisajili kwa jina lake. Mimi nauza nguo Kongowea, hesabu yangu ni ya faida na hasara tu. Nimpe pesa? Na hiyo nambari ni kweli au anajisumbua?"

Mama, usitume hata shilingi moja. Hilo tulimalize kwanza, mengine tuyaendee polepole. Nambari ya kijana ni tasa kweli: haigawiki kwa chochote ila 1 na yenyewe. Kwa hiyo hajisumbui hata kidogo. Ila sababu tatu alizotoa hazishiki hata moja, na huyo mtu wa mtandaoni amejipenyeza papo hapo penye pengo.

Tuanze na kule kugawa hadi 100. Nambari ikiwa si tasa, basi ni zao la nambari mbili ndogo kuliko yenyewe, na mojawapo ya hizo mbili haiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, yaani ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inairudisha nambari hiyo. Zikizidi zote mbili, zao litaipita nambari uliyoanza nayo. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushei. Huko ndiko pa kufika. Mwonyeshe 10,403: mpaka 100 haigawiki kwa chochote, ukifika 101 inagawika, maana ni 101 × 103. Aliyekomea 100 angeapa kuwa ni tasa. Nafuu ni kwamba hana haja ya kugawa kwa kila nambari. Zile tasa zinatosha, kwa kuwa kisichogawika kwa 3 hakigawiki kwa 9 wala 15. Hata hivyo, tasa zilizo chini ya 46,340 zinakaribia 4,800. Kila moja ikimchukua nusu dakika, hizo ni saa 40 za kugawa bila kunyanyua kichwa.

Ile siri yake ina nusu ya ukweli. 2,147,483,647 ni 2³¹ − 1, yaani mbili 31 zikizidishwa pamoja kisha ukatoa 1. Ni kweli kwamba kipeo kisipokuwa tasa, jibu nalo haliwi tasa: 2¹⁵ − 1 ni 32,767, inayogawika kwa 7 na kwa 31, ambazo ni 2³ − 1 na 2⁵ − 1. Lakini ukiigeuza kanuni haisimami. Kipeo 11 ni tasa, na 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Kipeo 23 kinaanguka vilevile, kwani 8,388,607 inagawika kwa 47. Kipeo 29 nacho kinaanguka: 536,870,911 inagawika kwa 233. Kutoka 2 hadi 31 kuna vipeo tasa 11, vinane vinatoa tasa na vitatu vinakosa. Anayeonja 2, 3, 5 na 7 peke yake lazima ahadaike.

Asione haya. Marin Mersenne, mtawa Mfaransa ambaye tasa za aina hii zimeitwa kwa jina lake, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo alivyoamini vinatoa tasa na akatia 67 ndani yake. Zikapita zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas akaonyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kutaja hata kigawo kimoja (nambari inayoigawa bila baki), na mwaka 1903 Frank Nelson Cole ndiye aliyevitoa hadharani: 193,707,721 × 761,838,257,287. Kwamba mtu anaweza kujua nambari si tasa bila kujua inagawika kwa nini ni jambo la ajabu kidogo, na tutalirudia.

Sasa kwa nini 2,047 iligawika kwa 23, na si kwa 19 au 29? Hapa ndipo penye utamu, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kupafuata kwa kalamu. Anza na 2, zidisha kwa 2, na kila ukifika 23 au zaidi toa 23 ubaki na salio. Utapata 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 1. Hatua 11, na umerudi kwenye 1. Kurudi kwenye 1 ndiko kusema kwamba 2¹¹ − 1 inagawika kwa 23. Ukiendelea, mzunguko ni uleule, kila hatua 11 uko kwenye 1. Na kwa kuwa 11 ni tasa, hakuna mzunguko mfupi zaidi uliojificha ndani yake.

Upande wa pili kuna kanuni ya mwanahisabati Fermat ya karne ya 17: kwa nambari tasa yoyote zaidi ya 2, ukizidisha kwa 2 namna hiyo, hatua ikiwa sawa na tasa hiyo kasoro 1 ni lazima uwe kwenye 1. Kwa 23 ni hatua ya 22. Chukua mfano wa feri. Ikiwa inatia nanga Likoni kila dakika 11 barabara, na mwenzako akakuapia kwamba dakika ya 22 ipo Likoni, maneno yenu yanapatana. Akikwambia dakika ya 30 ipo Likoni, mmoja wenu amekosea. Kwa hiyo kigawo chochote tasa cha 2¹¹ − 1, ukikipunguza 1, lazima kibakie kigawe cha 11, yaani 11 ikigawe bila baki. Jaribu: 23 − 1 ni 22, na 89 − 1 ni 88. Ile 47 ya kipeo 23 ukiipunguza 1 ni 46. Ile 233 ya kipeo 29 ni 232, ambayo ni 8 × 29. Hakuna iliyokwepa.

Kwa kipeo 31, basi, kigawo kikipunguzwa 1 kiwe kigawe cha 31. Na kwa kuwa vigawo vya nambari hii vyote ni witiri (havigawiki kwa 2), kiwe kigawe cha 62. Kuna kichujio kingine, ambacho uthibitisho wake ni mrefu kwa jibu hili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7. Ukiviunganisha vichujio viwili, kigawo chochote cha 2,147,483,647 kikigawanywa kwa 248 kitabakisha 1 au 63. Mpaka 46,340 zinabaki nambari 372 za kujaribu, ukiiacha 63 yenyewe ambayo inagawika kwa 3. Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, alithibitisha nambari hii kwa njia hiyo mwaka 1772, kwa mkono.

Na kijana afanye hivyohivyo. Achukue daftari la mistari ya miraba, aandike safu mbili. Moja ianze na 249 na kuongeza 248 kila mara. Nyingine ianze na 311, nayo iongeze 248. Akate zile zinazogawika waziwazi kwa 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea: 249 inakatwa kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13, 745 na 1,055 kwa 5, 1,241 kwa 17. Zitakazosalia mwanzoni ni 311, 1,303 na 1,489. Kwa 311 anapata 6,905,092 baki 35. Kwa 1,303 anapata 1,648,107 baki 226. Kwa 1,489 anapata 1,442,232 baki 199. Ajipime kwa hizo tatu kabla ya kuendelea, asije akagundua kosa akiwa amefika ukurasa wa nane. Kazi yote ni ya siku mbili tatu, si zaidi.

Kikokotoo cha shule kitamsaidia, ila kina mtego. Huonyesha tarakimu 10. Akigawa kwa nambari kama 21,000 na kitu, sehemu ya mbele inakula tarakimu sita, zinabaki nne za desimali, na baki ya 1 peke yake inaweza kuviringishwa ikapotea machoni. Atasema imegawika kumbe haijagawika. Dawa yake ni kuchukua sehemu nzima ya jibu, kuizidisha tena kwa kigawanyo, kisha kutoa. Baki ionekane kwa macho kama nambari nzima, isibaki kuwa desimali ya kukisia.

Kuna njia fupi zaidi, ndiyo ile iliyotokana na Lucas na baadaye kunyooshwa na Derrick Lehmer. Anza na 4. Kila hatua, zidisha nambari uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha baki na salio baada ya kugawa kwa nambari unayoichunguza. Kwa 2ᵖ − 1, ambapo p ndicho kipeo, unafanya hatua p kasoro 2. Ukiishia 0, ni tasa. Ukiishia kingine chochote, si tasa. Kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1, hatua ni tano: kutoka 4 unapata 14, kisha 67, 42, 111, na 0. Imepita. Kwa 2,047 hatua ni tisa na unaishia 1,736, imeanguka, na angalia kwamba 23 wala 89 hazikutajwa popote. Hiyo ndiyo ile ajabu niliyoiacha pale juu.

Kwa nambari ya kijana hatua ni 29. Za mwanzo ni 14, 194, 37,634 na 1,416,317,954. Hapo pana shimo ambalo wengi hutumbukia: kuizidisha hiyo ya mwisho kwa yenyewe kunaleta nambari ya tarakimu 19, na kikokotoo kitamwandikia 2.005956547 na alama ya kipeo 18, tarakimu tisa za nyuma zimepotea. Salio likitafutwa kwa nambari iliyokatwa mkia, kila kinachofuata ni takataka. Jedwali la kompyuta nalo halifai, kwa kuwa hushika takriban tarakimu 15 tu. Atumie Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo hushika nambari nzima za urefu wowote. Programu ya mistari sita inatosha, na inapatikana bure kwenye simu au saiba yoyote. Jibu sahihi la hatua ya tano ni 669,670,838. Akipata jingine, asimame atafute kosa kabla ya hatua ya sita.

Kuhusu kuwa kubwa kuliko zote, hapana. Tasa hazina mwisho, na Euklidi alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: chukua tasa zozote ulizo nazo, zizidishe zote pamoja, ongeza 1, na jibu litabakisha 1 ukiligawa kwa yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo lina kigawo tasa ambacho hukuwa nacho. Alichokiona kijana kwenye kompyuta ni kitu kingine. Programu nyingi za zamani huhifadhi nambari kwa biti 32 (nafasi za 0 au 1), moja ikiwa ya alama ya kutoa au kujumlisha, na biti 31 zilizobaki zikijaa zote zinafika 2³¹ − 1 kamili. Kwamba kikomo hicho pia ni tasa ni sadfa tu. (Mifumo iliyohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti hizo itafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Mombasa. Akipenda kuzungumza na wenzake kuhusu nambari yake, hilo litawavutia kuliko vigawo.) Tasa kubwa zaidi inayojulikana hadi sasa ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320. Nayo imehakikiwa kwa ile kanuni ya kuanzia 4.

Sasa benki. Huyo tapeli, na sioni sababu ya kumwita jina jingine, ameshika kipande cha ukweli na kukipaka rangi. Ni kweli kwamba mojawapo ya njia kuu za kufunga mawasiliano huzidisha tasa mbili kubwa. Zao linatolewa hadharani, tasa zenyewe zinabaki siri. Kuzidisha ni rahisi, kulirudisha zao katika vigawo vyake ni kazi isiyomalizika. Ufunguo wa kawaida wa biti 2,048 una zao la tarakimu 617, na kila tasa ina tarakimu 308 au 309. Nambari ya tarakimu 10 haifungi chochote hapo. Simu ya bei ndogo huivunja kabla hujapepesa jicho.

Lakini hata angekuwa na tasa ya tarakimu 308, hakuna wa kuinunua. Kompyuta inayohitaji tasa ya kiasi hicho hujitungia: inaokota nambari witiri kwa bahati nasibu na kuipima, na kwa wastani katika kila witiri 355 za ukubwa huo moja ni tasa. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na tasa inayotoka haijawahi kuonwa na mtu. Tasa uliyouziwa na mtu, yeye anaijua, pengine na wengine kumi wanaijua. Haina tena siri ya kufunga. Hatari yake si ya kubuni. Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za hadharani kwa mamilioni wakakuta maelfu kati yake zimetumia tasa ileile iliyomo kwenye ufunguo mwingine bila wenyewe kujua, kwa sababu vifaa vilivyozitengeneza vilikuwa na bahati nasibu mbovu. Kuzivunja kulihitaji hesabu ya darasa la sita. Chukua 10,403 na 11,009. Toa, unabaki na 606. Gawa 10,403 kwa 606, baki ni 101. Gawa 606 kwa 101, haibaki kitu. Kigawo cha pamoja ni 101, na mazao yote mawili yamefunguka.

Tena kuna njia nyingine za kufunga ambazo tasa yake si siri hata kidogo. WhatsApp, kwa mfano, hutumia tasa 2²⁵⁵ − 19, ambayo imeandikwa wazi na mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Siri iko kwenye nambari nyingine. Na hakuna ofisi duniani inayosajili nambari kuwa mali ya mtu.

Pesa halali zipo, ila ziko mbali. Shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani liliweka zawadi: dola 50,000 kwa tasa ya kwanza ya tarakimu milioni moja, ikalipwa mwaka 2000, dola 100,000 kwa tarakimu milioni 10, ikalipwa 2009. Zilizobaki ni dola 150,000 kwa tarakimu milioni 100 na 250,000 kwa bilioni moja. Mradi wa GIMPS, ulioanzishwa 1996, hugawa programu bure na hutoa dola 3,000 kwa anayegundua tasa mpya ya Mersenne. Hakuna anayetozwa ada ya kuingia. Lakini sitamdanganya kijana: ile ya 2024 ilipatikana kwa maelfu ya vichakataji vya michoro (chipu za kompyuta zenye nguvu, GPU) vilivyosambaa katika nchi 17. Tarakilishi moja ya nyumbani inaweza kuhesabu miaka isiguse kitu. Ikila wati 60 mchana na usiku, kwa siku 30 ni takriban uniti 43 za tokeni. Na programu hiyo huchemsha mashine kwelikweli. Kwa joto na chumvi ya hewa yetu, tarakilishi ya mkononi iliyowekwa juu ya kitanda, feni ikiwa imeziba vumbi, haitamaliza mwaka. Akitaka kujaribu kwa kujifunza, iwe juu ya meza, penye upepo, na kwa ruhusa ya mwenye bili.

Ikiwa pesa zimeshatumwa kabla ya kusoma hapa, tuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa 456 dakika hiyohiyo, ingawa wakishazitoa ni vigumu kuzirudisha, kisha uende kituo cha polisi ukiwa na mazungumzo yote kwenye simu. Usiyafute kwa hasira. Ikiwa kijana alimpa tapeli nambari ya siri, ibadilishe leo. Ikiwa alituma picha ya kitambulisho chako, waeleze polisi hilo pia.

Kwa hisabati yenyewe, mtu wa kwanza ni mwalimu wake wa darasani. Akimaliza ya mwalimu, aende idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, au Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, aombe mhadhiri wa nadharia ya nambari amtazamie kazi. Kile kichujio cha 8 nilichokiruka ndicho cha kuulizia huko. Kinahitaji ubao na mtu wa kukatizwa kwa maswali. Abebe daftari lenye zile hatua 29 zote, pamoja na zile alizokosea akazikata.